Mwendo, Mwendokasi na Mchapuko: Maswali Ambayo Wanafunzi wa Mwanza Huuliza Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili walioko Mwanza, Ukerewe, Sengerema na kwingineko kandokando ya Ziwa Victoria, pamoja na wazazi wanaowasaidia kazi za nyumbani jioni. Katika miaka niliyofundisha somo hili nimeona kwamba mwanafunzi anayekosa swali la mwendo mara nyingi hakushindwa kugawanya wala kuzidisha. Alishindwa kujua neno alilopewa lina maana gani hasa. Kwa hiyo nimeanza na maneno, na sitayapita haraka.

Kwa nini neno "mwendo" linaleta utata darasani?

Kwa sababu katika Kiswahili cha kila siku neno hili limebebeshwa mizigo mingi. Mtu wa Nansio akiulizwa Mwanza ni mbali kiasi gani, atajibu kwamba ni mwendo wa saa tatu kwa meli, na hapo mwendo ni umbali uliopimwa kwa muda. Abiria akimwambia dereva apunguze mwendo, anazungumzia upesi wa gari. Mama akisema kwamba mtoto ana mwendo wa baba yake, anazungumzia namna ya kutembea. Matumizi yote hayo ni Kiswahili safi na hakuna hata moja linalohitaji kusahihishwa, lakini hesabu za fizikia haziwezi kujengwa juu ya neno moja lenye maana tatu. Ndiyo maana vitabu vya sayansi vimegawa kazi: mwendo ni hali ya kitu kubadilisha mahali kilipo, umbali ni urefu wa njia ambayo kitu kimepita, na mwendokasi ni umbali unaopitwa katika kila sekunde moja, dakika moja au saa moja. Wakazi wa Dar es Salaam wamelizoea neno mwendokasi kama jina la mabasi. Hapa ni jina la kipimo.

Ugumu huongezeka pale mwanafunzi anapotoka shule ya msingi, ambako wengi husoma sayansi kwa Kiswahili, na kuingia sekondari, ambako fizikia hufundishwa kwa Kiingereza. Ushauri wangu ni kwamba dhana ieleweke kwanza katika lugha unayoitumia kufikiri, kisha istilahi ya Kiingereza ibandikwe juu yake, kwa kuwa istilahi iliyobandikwa mahali pasipo na dhana hudondoka siku ya mtihani.

Tunajuaje kwamba kitu kinakwenda?

Tunajua kwa kukilinganisha na kitu kingine. Abiria aliyeketi ndani ya kivuko cha Kamanga, akiwa ameweka kikapu chake miguuni, anaona kikapu kimetulia kabisa, ilhali mvuvi aliyesimama kwenye mtumbwi pembeni anaona kikapu hichohicho kikipita mbele yake pamoja na kivuko. Wote wawili wanasema kweli. Abiria amelinganisha kikapu na sakafu ya kivuko, na mvuvi amelinganisha kikapu na maji na nchi kavu. Fizikia haimuulizi mtu "kinakwenda au hakiendi?" bila kuongeza "ukilinganisha na nini?", na swali hilo la pili ndilo ninalowaomba wanafunzi wangu wajizoeze kuliuliza hata pale mtahini anapoliacha bila kulitaja.

Jiwe la Bismarck linafaa sana kwa somo hili, kwa sababu kila mtu wa Mwanza atasema halijawahi kusogea. Ukililinganisha na ufukwe, ni kweli. Lakini dunia ina mzingo wa kilomita 40,075 kwenye ikweta na hujizungusha mara moja kwa siku, na Mwanza iko karibu sana na ikweta, takriban nyuzi 2.5 tu kusini yake. Gawanya mzingo huo kwa saa 24 utapata karibu kilomita 1,670 kwa saa. Huo ndio mwendokasi wa jiwe hilo, wa ziwa na wa wewe mwenyewe unayeliangalia, ikiwa tutalinganisha na mhimili wa dunia. Hatuhisi chochote kwa kuwa kila kitu kinachotuzunguka kinakwenda nasi, kama kikapu na sakafu ya kivuko.

Je, mwendo wa vitu viwili huweza kujumlishwa?

Ndiyo, lakini uangalie upande. Kivuko kikienda kilomita 15 kwa saa, na abiria akatembea kuelekea mbele ya kivuko kwa kilomita 4 kwa saa, mtu aliye ufukweni atamwona akienda kilomita 19 kwa saa. Akirudi nyuma, atamwona akienda kilomita 11 kwa saa, bado kuelekea kule kivuko kinakoelekea. Akitembea kukatiza kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, hatujumlishi wala hatutoi. Tunatumia kanuni ya pembetatu mraba, na jibu ni kipeuo cha pili cha 241, yaani takriban kilomita 15.5 kwa saa, huku njia yake ikiwa mstari ulionyooka ulioelekea kidogo upande anaotembelea.

Umbali na uhamisho vinatofautianaje?

Neno uhamisho limewahi kuwachekesha wanafunzi wangu kwa sababu wanalijua kutoka kwa wazazi walio watumishi wa umma. Kwa kweli maana hizo mbili ni ndugu. Barua ya uhamisho humwambia mtumishi kituo anachotoka na kituo anachokwenda. Haimwambii apande basi gani wala alale wapi njiani. Katika fizikia pia, uhamisho ni mstari ulionyooka kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho wake, pamoja na mwelekeo wake, bila kujali njia iliyopitwa. Umbali, kwa upande wake, huhesabu kila kona.

Chukua safari ya Mwanza hadi Bukoba. Kwa mstari ulionyooka juu ya maji, Bukoba iko karibu kilomita 180 kutoka Mwanza, kuelekea kaskazini magharibi. Basi haliwezi kupita juu ya maji, hivyo huzunguka kusini mwa ziwa kupitia Geita, na safari hiyo ni zaidi ya kilomita 400. Abiria wa basi na abiria wa meli wanaoshuka Bukoba wamepata uhamisho uleule, ingawa umbali waliosafiri unapishana kwa zaidi ya mara mbili. Na yule aliyekwenda Bukoba akarudi Mwanza nyumbani kwake, uhamisho wake ni sifuri, hata kama amechoka na nauli imekwisha.

Kuna tofauti gani kati ya mwendokasi na velositi?

Tofauti ni ileile ya umbali na uhamisho. Mwendokasi hupatikana kwa kugawanya umbali kwa muda, na hauna mwelekeo. Velositi hupatikana kwa kugawanya uhamisho kwa muda, na haikamiliki mpaka utaje mwelekeo. Tuseme basi letu la Bukoba limesafiri kilomita 420 kwa saa 7. Mwendokasi wake wa wastani ni kilomita 60 kwa saa. Velositi yake ya wastani ni kilomita 180 kugawanya kwa saa 7, yaani takriban kilomita 25.7 kwa saa kuelekea kaskazini magharibi. Mwanafunzi anayeandika 25.7 bila mwelekeo amejibu nusu ya swali.

Vipimo visivyo na mwelekeo, kama umbali, muda na mwendokasi, huitwa skala. Vyenye mwelekeo, kama uhamisho, velositi na kani (yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta), huitwa vekta.

Ninabadilishaje kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde?

Gawanya kwa 3.6. Namba hiyo haikutoka hewani: kilomita moja ina mita 1,000 na saa moja ina sekunde 3,600, hivyo kilomita moja kwa saa ni mita 1,000 katika sekunde 3,600. Bodaboda inayokwenda kilomita 36 kwa saa inakwenda mita 10 kwa sekunde, na inayokwenda kilomita 72 kwa saa inakwenda mita 20 kwa sekunde. Ukitaka kurudi, zidisha kwa 3.6.

Manahodha wana kipimo chao kiitwacho noti, ambacho ni maili moja ya baharini kwa saa, sawa na kilomita 1.852 kwa saa. Meli inayokwenda noti 10 inakwenda kilomita 18.52 kwa saa.

Kwa nini jibu langu hukosea ninapotumia saa na dakika?

Nimesahihisha kosa hili mara nyingi kuliko kosa jingine lolote katika mada hii. Saa mbili na dakika thelathini si 2.30. Ni 2.5, kwa kuwa dakika 30 ni nusu ya saa yenye dakika 60, na wala si sehemu thelathini za mia. Vivyo hivyo, saa moja na dakika 15 ni 1.25, na dakika 20 ni theluthi moja ya saa, takriban 0.33. Daladala lililopita kilomita 15 kutoka Buhongwa kwa dakika 45 lina mwendokasi wa wastani wa 15 kugawanya kwa 0.75, yaani kilomita 20 kwa saa. Mwanafunzi anayegawanya kwa 0.45 anapata kilomita 33 kwa saa, na kwa kuwa namba hiyo inafanana na ya daladala, hashtuki.

Kosa la pili linahusu saa zetu. Meli iliyoondoka saa 3 usiku na kufika saa 12 asubuhi imetumia saa 9. Ukiamua kuhesabu kwa saa za Kizungu, imeondoka saa 21:00 na kufika saa 6:00, na muda ni uleule wa saa 9, kwa sababu kinachoingia kwenye hesabu ni tofauti ya nyakati mbili na si majina yake. Hatari inakuja pale mtu anapoandika muda wa kuondoka kwa mtindo mmoja na muda wa kufika kwa mtindo mwingine.

Boti ikienda kwa kilomita 24 kwa saa na kurudi kwa kilomita 8 kwa saa, kwa nini wastani si kilomita 16 kwa saa?

Swali hili linastahili kukaliwa chini, maana hata watu wazima wenye shahada hulikosa. Tuseme boti ya wavuvi imetoka mwalo wa Kirumba ikiwa tupu, ikaenda kilomita 24 hadi wanapovua kwa mwendokasi wa kilomita 24 kwa saa. Imetumia saa 1. Wakati wa kurudi imejaa samaki na upepo unaipinga, hivyo inakwenda kilomita 8 kwa saa, na kilomita zilezile 24 zinachukua saa 3. Safari nzima ni kilomita 48 kwa saa 4 za kusafiri, kwa hiyo wastani ni kilomita 12 kwa saa.

Anayejumlisha 24 na 8 kisha akagawanya kwa 2 amechukulia kwamba boti ilikaa muda sawa katika kila mwendokasi. Haikukaa. Ilikaa saa moja tu katika mwendo wa haraka na saa tatu katika mwendo wa polepole, na kila saa ina kura yake katika wastani. Njia ya mkato ya kujumlisha na kugawanya kwa mbili inafaa pale tu vipande vya safari vinapolingana kwa muda. Vikilingana kwa umbali, kama hapa, haifai.

Kutokana na hilo kuna jambo linalowashangaza wengi. Tuseme dereva anatakiwa kusafiri kilomita 120 kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, lakini kilomita 60 za mwanzo amezipita kwa kilomita 30 kwa saa. Afanye haraka kiasi gani katika kilomita 60 zilizobaki ili afikishe wastani huo? Hawezi. Safari nzima ilipaswa kuchukua saa 2, naye amekwisha kuzimaliza zote mbili akiwa nusu ya njia. Ningependa kila dereva anayejaribu "kufidia" muda uliopotea aifanye hesabu hii kwa kalamu kabla hajakanyaga mafuta.

Je, daraja la Kigongo hadi Busisi limeongeza mwendokasi wa magari?

Magari ni yaleyale na injini zake ni zilezile. Lililoongezeka ni mwendokasi wa wastani wa safari. Daraja hilo, linaloitwa Daraja la J. P. Magufuli, lina urefu wa takriban kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza na lilizinduliwa Juni 2025. Gari linalolipita kwa kilomita 50 kwa saa hutumia dakika 3 na sekunde 36. Kabla ya hapo magari yalivuka kwa kivuko, na muda mwingi ulikwenda kwenye foleni. Tukichukua siku ambayo kungoja na kuvuka kulichukua saa moja na nusu, kilomita 3 kwa saa 1.5 ni kilomita 2 kwa saa, ambao ni polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu. Mtu aliyekuwa ndani ya kivuko alikiona kikienda vizuri tu, na alikuwa sahihi. Wastani, hata hivyo, hauhesabu muda wa kwenda peke yake. Unahesabu na ule wa kusimama.

Spidomita inaonyesha mwendokasi upi?

Inaonyesha mwendokasi wa papo hapo, yaani ule wa wakati huo unaoitazama. Haijui ulikaa kituoni muda gani wala gari linaelekea wapi, na kwa hiyo haikupi wastani wala velositi.

Mchapuko ni nini, na kipimo chake cha "mita kwa sekunde kwa sekunde" kina maana gani?

Mchapuko ni kiasi ambacho velositi hubadilika katika kila sekunde. Daladala likiondoka kituoni Igoma na kufikia mita 10 kwa sekunde baada ya sekunde 8, mchapuko wake wa wastani ni 10 kugawanya kwa 8, yaani mita 1.25 kwa sekunde kwa sekunde. Usome hivi: kila sekunde inayopita, mwendokasi wake unaongezeka kwa mita 1.25 kwa sekunde. Baada ya sekunde moja linakwenda 1.25, baada ya mbili 2.5, baada ya tatu 3.75, na kuendelea. "Kwa sekunde" ya kwanza ni ya mwendokasi. Ya pili ni ya kubadilika kwake. Vitabu huifupisha kuwa mita kwa sekunde mraba, na ufupisho huo umewafanya wengi watafute sekunde yenye umbo la mraba. Gari linapopunguza mwendo, mchapuko wake huwa hasi.

Kitu kinaweza kuwa na mwendokasi mkubwa bila mchapuko wowote, kama meli inayokata maji kwa noti 10 usiku kucha bila kubadilika wala kukata kona. Kinaweza pia kuwa na mchapuko mkubwa huku mwendokasi ukiwa mdogo, kama bodaboda inavyoruka pale taa zinapowaka kijani.

Kama bodaboda inazunguka kipilefti kwa mwendokasi usiobadilika, je, ina mchapuko?

Inao. Ukizunguka ile kipilefti yenye sanamu ya samaki katikati ya mji, spidomita ikiwa imetulia kwenye 20, mwelekeo wako unabadilika kila sekunde. Velositi ni mwendokasi pamoja na mwelekeo, kwa hiyo velositi inabadilika, na kubadilika kwa velositi ndiko mchapuko. Mchapuko huo huelekea katikati ya mzunguko, na kani inayouleta ni msuguano kati ya matairi na lami. Mvua ikinyesha au mchanga ukimwagika, msuguano hupungua, na pikipiki isiyopata kani ya kutosha huacha kupinda na kutaka kuendelea kwa mstari ulionyooka.

Nani humsukuma abiria mbele dereva anapofunga breki ghafla?

Hakuna. Abiria alikuwa anakwenda pamoja na daladala, na breki zimelishika daladala, hazikumshika yeye. Mwili wake unaendelea na mwendo uliokuwa nao mpaka kitu kiuzuie: bomba aliloshikilia, kiti cha mbele, au mkanda. Tabia hii ya vitu kuendelea na hali vilivyonayo huitwa inesha. Galileo Galilei, aliyeishi Italia kati ya 1564 na 1642, aliieleza kwa majaribio ya mipira inayobingirika, na Isaac Newton wa Uingereza akaifanya kanuni yake ya kwanza ya mwendo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1687. Kabla yao, kwa karne nyingi, wasomi walifuata mawazo ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwamba kitu hakiwezi kuendelea kwenda bila kusukumwa. Mawazo hayo yanaelekea kuwa kweli kwa sababu hapa duniani msuguano haukosekani. Mtumbwi uliotiwa makasia hupunguza mwendo punde makasia yakiachwa. Lakini kinachousimamisha ni maji yanayoupinga. Ukosefu wa msukumo peke yake haumsimamishi yeyote.

Ndiyo maana pia kondakta anayeruka kabla gari halijasimama hukimbia hatua chache kuelekea kule gari linakokwenda. Miguu imeshikwa na ardhi, kiwiliwili bado kina mwendo wa gari. Yeye amezoea, mwanafunzi mwenye begi mgongoni asijaribu.

Nikidondosha embe ndani ya meli inayokwenda, litaangukia nyuma yangu?

Litaangukia miguuni pako, kama ambavyo lingeanguka nyumbani, ikiwa meli inakwenda sawasawa bila kuyumba. Embe lilikuwa na mwendo wa meli kabla hujaliachia, na halikuupoteza kwa sababu umeliachia.

Je, kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi?

Hapana, isipokuwa hewa inapoingilia. Mwanza haikosi mawe ya kufanyia jaribio: simama mahali salama, hakikisha hapana mtu chini, uachie kwa pamoja jiwe lenye ukubwa wa ngumi na kokoto. Yatagota chini pamoja. Jani litachelewa kwa sababu hewa hulizuia. Tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa chombo cha Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwenye Mwezi, pasipo na hewa, na vyote viwili vikafika chini kwa wakati mmoja.

Hapa duniani kitu kinachoanguka huongeza mwendokasi kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde. Katika sekunde ya kwanza hushuka mita 4.9, katika ya pili mita 14.7, katika ya tatu mita 24.5. Gawanya kila namba kwa 4.9 utapata 1, 3, 5. Galileo aligundua mpangilio huu wa namba witiri kwa kubingirisha mipira kwenye ubao ulioinama na kupima muda kwa maji yaliyokuwa yakichuruzika, kwani saa ya kuhesabu sekunde kwa usahihi hakuwa nayo. Mwanafunzi anayelalamika kwamba shule yake haina maabara aanze na ubao, mpira na kopo lililotobolewa.

Nikienda mara mbili ya mwendokasi, breki zitahitaji nafasi mara mbili?

Zitahitaji mara nne. Hesabu yake ni fupi na ningependa kila mwendesha bodaboda aijue. Tuseme breki zinapunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Ukiwa na mita 10 kwa sekunde, utasimama baada ya sekunde 2; wastani wa mwendokasi wako wakati wa kusimama ni mita 5 kwa sekunde, kwa hiyo utapita mita 10. Ukiwa na mita 20 kwa sekunde, utasimama baada ya sekunde 4 kwa wastani wa mita 10 kwa sekunde, na utapita mita 40. Mwendokasi umezidishwa kwa mbili, muda wa kusimama umezidishwa kwa mbili, na wastani nao umezidishwa kwa mbili; mbili mara mbili ni nne.

Kisha ongeza muda wa kushtuka. Tangu jicho lione mtoto anayekatiza barabara hadi mguu ugandamize breki, chukua sekunde moja, na katika sekunde hiyo pikipiki inaendelea na mwendo wake wote. Jumla inakuwa mita 20 kwa yule wa kwanza na mita 60 kwa yule wa pili. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi nchini, jumla ni takriban mita 33. Lami ikilowa na uwezo wa breki ukapungua kwa nusu, sehemu ya breki huongezeka mara mbili, na jumla inazidi mita 50.

Ninaisomaje grafu ya umbali na muda?

Tazama mwinuko wa mstari. Mstari mlalo unamaanisha muda unapita na kitu hakiendi, kama gari lililo kwenye foleni. Mstari ulionyooka unaopanda ni mwendokasi usiobadilika, na kadiri unavyosimama wima zaidi ndivyo mwendokasi unavyokuwa mkubwa. Mstari unaopinda kuelekea juu ni mchapuko. Grafu ya mwendokasi na muda husomwa tofauti: humo mstari mlalo si kusimama bali ni kwenda sawasawa, na eneo lililo chini ya mstari ndilo umbali uliopitwa. Kabla ya kujibu chochote, soma kwanza mhimili wima umeandikwa nini.

Binadamu huweza kukimbia kwa mwendokasi gani?

Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, ikawa rekodi ya dunia. Hizo ni sekunde 212.2, hivyo wastani wake ulikuwa mita 7.07 kwa sekunde, sawa na kilomita 25.4 kwa saa. Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mwaka 2009, wastani wa kilomita 37.6 kwa saa, lakini kwa mita 100 tu.

Ninawezaje kujua radi iko umbali gani ziwani?

Kwa kuhesabu sekunde. Nuru husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo mmweko unauona karibu papo hapo. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ngurumo huhitaji karibu sekunde 3 kwa kila kilomita moja. Anza kuhesabu unapoona mmweko, acha unaposikia ngurumo, kisha gawanya kwa 3. Sekunde 12 ni kilomita 4. Rudia kwa mmweko unaofuata: zikiwa sekunde 9, wingu limesogea kilomita moja kuelekea kwako, na ukijua dakika zilizopita kati ya mimweko hiyo miwili umepata makadirio ya mwendokasi wa wingu lenyewe. Ziwa Victoria lina radi nyingi sana, hasa usiku, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Sekunde zikiwa pungufu ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na umbali huo ni mdogo kiasi kwamba mmweko unaofuata unaweza kukufikia ulipo. Aliye ufukweni aingie ndani ya nyumba, na aliye majini aanze kurudi kabla hesabu haijashuka hapo.